Nirudishieni Shimo Langu

Maganga alinipigia simu asubuhi kuniambia Rajabu amekufa, nikamwambia asubiri kwanza nimalize chai. Maganga ni mtoto wa mjomba wangu, mwanamume mwenye roho laini tangu tukiwa wadogo, na kwa sauti yake nilijua alikuwa ameshaanza kumsamehe marehemu kabla hata maiti haijaoshwa. "Dada Kalunde, mtu kafa," alisema. Nikamjibu kuwa nimesikia, na kwamba kama ni kufa, Rajabu amechelewa. Akasema wanazika leo hii baada ya alasiri, yeye anatoka Isikizya sasa hivi, je, nitakuja? Nikamuuliza ningekosaje. Mimi ni Mnyamwezi, Rajabu alikuwa Mzaramo, na tangu enzi za misafara ya pwani watu wetu na watu wake ni watani. Mtani hakosi msibani. Ndiye anayekuja kumcheka maiti, kuvaa nguo zake, kuigiza mwendo wake na kuziba mlango mpaka apewe chake, na wafiwa hawana ruhusa ya kununa. Nilifunga nyumba yangu hapa Igalula, nikajitanda kitenge kilichochakaa kuliko vyote nilivyonavyo, nikaenda kutafuta gari la mjini.

Watu hupenda kusema kifo hufuta mambo. Labda kwao. Mimi nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi kustaafu, nimefuta ubao kwa mkono huu maelfu ya mara, na ninajua kwamba ukifuta vibaya maandishi hubaki yanasomeka chini ya vumbi la chaki. Huyu Rajabu nimemchukia kwa utulivu, bila kukosa usingizi, kama mtu anavyotunza jembe: linakaa pembeni, haliozi, siku ya kazi unalichukua. Wanangu wameniambia chuki humla mwenye nayo. Naona haijanila, maana nina afya kuliko wao. Kilichokuwa kikinila ni kitu kingine, nacho ni kwamba kwa miaka yote hiyo kila nilipolisema jambo lenyewe watu walicheka. Walicheka jirani zetu, wakacheka wazee wa mtaa, na yeye Rajabu akacheka kuliko wote. Nilikuwa nakwenda Tabora kujaribu mara moja ya mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ulikuwa mwaka wa foleni. Sitamchosha msomaji kwa kumweleza nani alimzaa nani na kwa nini nililelewa na bibi yangu. Inatosha kwamba ndani ya nyumba tulikuwa watatu, Bibi Nyamizi, Maganga na mimi. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, bati limeshika kutu, mlango wa mbele unatazama barabara na chumba cha Bibi kiko nyuma kabisa, ukuta wake ndio unaopakana na ua. Chumba hicho ninaweza kukitembea hata sasa nikiwa nimefumba macho. Kushoto kitanda cha kamba, kichwani mwake sanduku la bati, juu ya sanduku rozari imening'inia kwenye msumari, na kila kitu kinanuka tumbaku ya kunusa ambayo Bibi aliamini sisi hatujui kama anatumia. Tulilala naye humo wakati wa baridi. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi usio na sukari, mchana tulikula ugali wa muhogo kwa nsansa, yale majani makavu ya kunde ambayo Bibi aliyapika na karanga, na jioni tulitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Sukari, sabuni na mafuta vilikuwa habari za dukani, na duka lilikuwa habari za foleni. Nilisimama humo tangu kumekucha, nikasukumwa, nikakanyagwa, nikafika mbele kwa mwuzaji naye akaniambia imekwisha huku nikiona mkono wa mkewe ukipitisha kifurushi kwa mlango wa nyuma. Niliuchukia mji mzima. Nilichukia hata wale waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, ambao hawakunikosea chochote zaidi ya kuwa na njaa kama mimi.

Ndipo siku moja mwalimu wetu akaja darasani na chungwa. Tufe la dunia la shule lilikuwa limepasuka zamani, na chungwa lenyewe lilikuwa bichi, tulijua hawezi kulila, kwa hiyo tulimsikiliza. Akachukua njiti ya baiskeli, akaichoma kwenye chungwa, akasema hapa inapoingia ni Tabora. Njiti ikatokea upande wa pili ikidondosha maji. Hapo, akasema, nako kuna watu, na sasa hivi kwao ni usiku. Hakutuambia ni nchi gani, nadhani hakujua. Mimi sikuhitaji jina. Nilirudi nyumbani nimeshapiga hesabu yangu: kama sisi tukiamka wao wanalala, basi wakati duka letu limefungwa la kwao liko wazi, na wenye foleni wote wamelala. Nikamweleza Maganga, naye akauliza swali moja tu la maana, kwamba tutatokea kichwa kwanza au miguu kwanza, maana kama ni miguu kwanza itanibidi mimi mwenye gauni nivae kaptura. Nilimwambia tutajua tukifika.

Tulichimba uani, mbali na ukuta, karibu na mpapai. Sururu ilikuwa ya Bibi, na udongo tuliutoa kwa sufuria lililotoboka. Juu ulikuwa mchanga mwepesi, chini ukawa mwekundu na mgumu, na kila jioni tuliporudi shule tuliongeza kidogo. Bibi alisimama mlangoni siku ya kwanza akatutazama mikono kiunoni. "Mwachimba nini hapo?" Nikamwambia njia. "Ya kwenda wapi?" Nikasema ng'ambo, upande wa pili wa dunia. Alifikiri kwa makini, hakutabasamu, akasema, "Haya. Mkifika mniulizie sukari." Kisha akarudi jikoni. Nimesoma vyuo viwili na kuhudhuria semina nisizozikumbuka, na sijapata mtu mwingine aliyeichukulia kazi yangu kwa heshima namna ile. Baadaye, nikiwa mwalimu wa jiografia, nilitafuta kwenye ramani mahali ambapo njiti ile ingetokea. Ni baharini. Ukiichoma dunia Tabora unatokea kwenye maji matupu, hakuna nchi, hakuna duka, hakuna hata kisiwa cha kushika. Wanafunzi wangu walicheka kila nilipowaambia. Mimi niliwaacha wacheke, kisha nikawapa zoezi refu.

Shimo lilipofika kifuani mwangu tukakuta kitu. Kilikuwa waya wa shaba uliokunjwakunjwa kama bangili, umeota kijani, na pembeni yake shanga chache za bluu. Mtu yeyote mwenye akili angejua kuwa ni mali iliyodondoka au kufichwa na wasafiri wa misafara, maana waya na shanga ndizo zilizokuwa fedha ya njia ile, kutoka pwani mpaka Ujiji. Maganga akavaa waya mkononi, akatoka nao barabarani kujionyesha. Hapo ndipo Rajabu alipouona.

Rajabu alikaa nyumba iliyopakana na yetu. Alikuwa fundi cherehani, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza ua, na mtaa mzima ulimpenda. Babu yake alikuja kutoka pwani akifuata misafara, naye alijisifia jambo hilo kama vile ametembea yeye. Kila asubuhi alipita kwetu kumtania Bibi. "Nyamizi, mgongo unauma? Umezoea mizigo wewe, ukikaa bure utakufa." Bibi naye hakukaa kimya. "Nyie mlikuwa mkituvizia njiani mtuibie mizigo hiyo hiyo, leo unaniulizia mgongo." Wakacheka wote. Kisha Rajabu aliingia jikoni bila hodi, akafunua chungu, akala. Siku nyingine aliondoka na kuku. Mtani huchukua, na mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo sheria, na mkubwa yeyote wa Tabora atakwambia ni jambo zuri linaloondoa uhasama. Mimi nilikuwa nahesabu vipande vya nyama na niliona wazi kwamba Bibi hakuwahi kuingia jikoni kwa Rajabu. Alikuwa mjane wa makamo na alikuwa na haya. Utani ule ulikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa wetu.

Alimvua Maganga ule waya, akaukwaruza kwenye jiwe, akaunusa, akaulamba. Baadaye nikamsikia akinong'ona barazani kwake na mwenzake mmoja, nami nimejibanza nyuma ya gunia la makapi ya vitambaa. Alisema hiyo si shaba ya bure, hiyo ni alama. Tabora nzima ilijua, na bado inajua, kwamba Mjerumani alipokimbizwa alizika hela zake za dhahabu mahali fulani, akaacha alama ili siku moja arudi. Watu wazima wenye wake na watoto wamechimba chini ya miti, chini ya njia, na wengine chini ya vitanda vyao wenyewe. Sisi tuliotaka kufika upande wa pili wa dunia tuliitwa watoto. Wao waliotafuta sanduku la mtu aliyekwisha ondoka waliitwa watafutaji.

Kesho yake Rajabu alikuja na vijana wawili wenye majembe na mzee mmoja aliyemtoa Ipole, anayesifika kwa kusoma alama. Hakuomba. Alisimama katikati ya ua akasema kwa ile sauti yake, "Mtani, shimo lako nimelichukua. Ukinuna nakuoa." Vijana wakacheka, jirani waliokuwa wakichungulia wakacheka, Bibi naye akacheka, akisema na aoe basi, atamlisha nini. Nikasema shimo si la Bibi, ni langu. Hapo walicheka zaidi. Rajabu akaniinamia akaniuliza mimi naenda wapi na shimo, nami, mjinga wa kusema kweli, nikamwambia ng'ambo. Alipata mzaha wa kumtosha mwaka mzima. Yule mzee wa Ipole akazunguka ua akipiga chafya, akaingia hadi chumbani kwa Bibi bila kuvua viatu, akatoka akasema mali ipo, lakini imelala kuelekea ukutani. Akaongeza sharti moja: watu wasigombane juu yake, kwani mali ya namna hiyo ikisikia ugomvi hukimbia chini kwa chini. Nilimtazama Bibi usoni aliposikia hivyo. Tangu zamani utani ulimkataza kukasirika, na sasa ardhi nayo ikamkataza.

Wakazungushia uzio wa mabua, wakachimba. Kila siku mke wa Rajabu, Bi Mwajuma, aliyekuwa bado mwanamke kijana, aliwaletea chakula kwenye hero, ile sahani kubwa ya mti, wali, kwa Mungu, mwaka ule, na mchuzi wenye mafuta yanayong'aa juu. Walikula uani kwetu sisi tukinusa. Shimo letu la kuingia mtoto likawa pango la kuingia gari la ng'ombe, likapinda, likaanza kula kuelekea chumbani. Jioni moja Bi Mwajuma alikuja kuchukua vyombo, nami nilikuwa ndani, nimelala kwenye kitanda cha Bibi, sikio ukutani. Nilimsikia akimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Baba Shomari, ukuta huu si wa saruji. Mvua ikija utamweka wapi mama wa watu?" Rajabu akajibu, "Nyamizi? Huyo ni mtani wangu, hawezi kukasirika." Bi Mwajuma akapanga vyombo kwanza, kisha akacheka. Nakumbuka kicheko hicho kuliko nyuso nyingi nilizozifahamu. Kilikuwa kifupi, kama mtu anayefunga mlango taratibu ili asiamshe watu.

Siku iliyofuata nikaamua kuifukuza mali. Kama ugomvi unaikimbiza, basi mimi nitagombana. Nilisimama kwenye uzio wakati wanakula, nikamtukana Rajabu kwa matusi yote niliyoyaokota kwenye foleni, moja baada ya jingine, ya Kiswahili na ya Kinyamwezi, ya tumbo lake na ya babu yake. Nilisema ni mwizi, na kwamba nyumba ikianguka atakuwa yeye ndiye aliyeiangusha. Kwa muda mfupi mno hakuna aliyecheka. Rajabu alishika tonge mkononi akanitazama, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake ukiwa hauna mzaha, uso wa mtu wa kawaida mwenye uchu. Kisha yule mzee wa Ipole akapiga kelele kwamba mali inaondoka, inaondoka, na Bibi akatoka jikoni. Nilidhani amekuja upande wangu. Alinishika bega, akanipigisha magoti mbele ya Rajabu kwenye udongo ulioloa mchuzi, akaniambia niombe radhi. "Mtani hakasirikiwi," alisema. "Sema samahani babu." Nikasema. Rajabu akanipapasa kichwa kwa mkono wenye mafuta, akasema hakuna neno, mtoto huyu atakuwa mtani mzuri. Hasira yangu haikutoka siku ile eti kwa sababu nilipiga magoti; ilikaa, na nadhani ndiyo iliyonisomesha.

Mvua ilianza mapema. Tulikuwa jikoni mchana, Bibi anakaanga karanga, tukasikia kitu kama gunia linaburutwa. Tulipotoka nje chumba cha Bibi kilikuwa hakina ukuta wa nyuma. Ulikuwa umeingia shimoni wote, na kitanda, na sanduku, na bati likaning'inia likipiga kelele kwa matone. Hakuumia mtu. Hilo nimeambiwa mara nyingi, hakuumia mtu, kama vile mtu huumia mifupa tu. Jirani walikuja na miavuli na magunia vichwani. Rajabu akaja naye, akasogea hadi ukingoni, akachungulia matope yanavyobubujika kuzunguka miguu ya kitanda, na nikaona kwamba anajua alichofanya. Alijua. Kama angelia wakati ule, au angenyamaza tu, huenda leo nisingekuwa na la kuandika. Alimgeukia Bibi, akasema, "Mtani, kitanda chako kimetangulia ng'ambo. Kimekuacha." Watu wakacheka kwenye mvua. Bibi akacheka. Nilimwona, kanga imemgandia mwilini, mkono mmoja bado umeshika mwiko wa karanga, anacheka kwa sababu hakuwa na kitu kingine alichoruhusiwa kufanya.

Dhahabu haikupatikana. Mzee wa Ipole alisema mali ilikimbia tangu siku ile nilipotukana, kwa hiyo kwenye hadithi ya mtaa nyumba iliangushwa na mdomo wa Kalunde. Tulihamia Igalula kwa kaka yake Bibi, kwa muda tu, hadi kiangazi, naye Rajabu akajitolea kulinda kiwanja. Kiangazi kilipofika tukasikia ameyachukua matofali mazima yaliyosalia. Baadaye tukasikia ameezeka vyumba viwili vinavyotazama barabara, na ameweka wapangaji. Bibi akatuma mtu kuuliza. Jibu likaja na treni, likaletwa na mfanyabiashara wa mchele aliyelisimulia mbele ya watu kituoni: "Mwambieni mtani njia ya kurudi anaijua, apitie chini." Wazee wa mtaa walipofuatwa walisema hayo ni mambo ya watani, wao hawaingilii. Bibi hakurudi tena Tabora. Kila mvua iliponyesha Igalula alitoka nje kugusa kuta za nyumba ya kaka yake kwa kiganja, akizunguka moja baada ya nyingine, na hata siku alizokuwa hawezi kuamka aliniuliza kama ukuta wa nyuma umelowa. Nilimwambia mkavu. Alizikwa hapa, mbali na rafiki zake, na Rajabu alikuja kwenye mazishi kufanya utani. Aliigiza namna Bibi alivyokuwa akinusa tumbaku, na alifanya vizuri sana.

Nilifika msibani adhuhuri imepita. Walikuwa wameweka turubai kwenye kiwanja chetu, maana familia ya Rajabu ilishaunganisha viwanja vyote viwili, na maiti ilikuwa kwenye sebule niliyoipima kwa jicho nikaona ndipo palipokuwa mlango wetu wa mbele. Maganga alinipokea, macho mekundu. Akaninong'oneza nisilete fujo, wazee wamekufa wote, iliyobaki ni sisi na watoto wao. Binti mmoja wa Kinyamwezi alikuwa amevaa kanzu na kofia ya marehemu, amejifunga mto tumboni, anazunguka kati ya watu akidai chakula, na wafiwa wanacheka huku wanafuta machozi. Niliwasalimu kina mama, nikampa pole Shomari, mwana mkubwa, nikaomba choo. Wakanielekeza uani. Ni choo cha zamani, wakasema, lakini kisafi, hakijawahi kujaa tangu kijengwe. Nilisimama mlangoni pake. Mpapai haukuwapo, ila nilikuwa na macho. Nilijua kutoka pale ni hatua ngapi hadi jikoni, na kilipokuwa kitanda, na kwa nini shimo hilo halijai. Njia niliyoianza kwa sururu ya bibi yangu, yenye kitanda chake humo ndani, familia nzima ilikuwa ikienda haja humo kwa muda wote huo. Sikulia. Nilipandwa na hasira safi, ile ile ya miaka kumi na mmoja, haijapungua hata tone.

Nilirudi ndani nikaketi kwenye kizingiti, miguu nimeinyoosha, mgongo nimeuegemeza kwenye fremu. Watu wakaelewa mara moja. "Mtani kaziba mlango," mtu akasema, wakafurahi. Wanaume walikuwa wameshabeba jeneza. Shehe, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alisimama upande wa nje akafanya kama inavyofanywa: akasema marehemu alikuwa binadamu, na kama yuko mtu aliyekosewa naye, basi amsamehe ili aende akiwa mwepesi. "Mmemsamehe?" Umati ukajibu tumemsamehe. Nikasema, "Mimi sijamsamehe." Turubai lote likacheka. Shomari akaniinamia, bado anatabasamu, akauliza mtani anataka nini, mbuzi au kanga. "Nataka shimo langu," nikasema. "Nirudishieni shimo langu." Walicheka hadi waliobeba jeneza wakalazimika kulitua. Yule binti mwenye kanzu akapiga makofi. Mtu akasema basi mzee apite wapi, nami nikasema na apite chini, njia aliichimba mwenyewe. Wakashika mbavu. Nikasema kwamba bibi yangu alifukuzwa kwenye nyumba hii kwa mzaha, kwamba alikufa akigusa kuta za watu, kwamba kitanda chake kimo chooni kwenu, na kila neno lililotoka kinywani mwangu waliligeuza kicheko kabla halijafika chini. Nilimwona Maganga peke yake akitazama miguu yake. Nikahisi magoti yangu yanaingia tena kwenye ule udongo wa mchuzi, nikajua kwamba Rajabu amenishinda hata akiwa kwenye sanda.

Bi Mwajuma alikuwa ameketi kwenye mkeka kona ya sebule, katikati ya kina mama, mwembamba, kajifunika kaniki. Sikuwa nimemtambua. Alinyoosha mkono akashikwa, akasimama kwa shida, na kicheko kikapungua kidogo kumpisha mjane. Alinitazama muda mrefu.

"Wewe ndiye yule mtoto wa kwa Nyamizi," alisema. "Ulikuwa unalala upande wa ukuta."

"Ndiyo, mama."

"Ulinisikia siku ile."

"Nilikusikia."

Akageuka kwa watu, kwa mwanawe na shehe na watani wote waliojaa mlangoni. "Acheni kucheka," akasema. "Huyu hatanii."

Shomari akafungua mdomo, mama yake akamwambia anyamaze, wataongea wakirudi makaburini, yeye atamweleza kila kitu, naye atasikiliza. Binti akavua kofia ya marehemu taratibu. Nje mtu mmoja alikohoa. Shehe aliingia hatua moja, akachuchumaa ili uso wake ulingane na wangu, akauliza tena, safari hii mimi peke yangu, kama nimemsamehe. Nililitazama jeneza lililokuwa sakafuni. Nikakunja miguu, nikaiondoa mlangoni.

"Mpitisheni," nikasema.

Sikusema nimesamehe, na hakuna aliyecheka.